Paja la Mjomba

Homa ya Ponnuthai ilipanda tena asubuhi, na safari hii Pechiamma hakumpa mtu nafasi ya kumwambia kwamba ni joto la jua tu. Alimpapasa mtoto shingoni, akampapasa tumboni, kisha akaketi sakafuni na kusema kwa sauti, ili mumewe aliyekuwa akijifunga shuka la kazini asikie.

"Anadai huyu."

Chelladurai hakuuliza ni nani anayedai. Alikuwa mtu mpole, vidole vimeliwa na baruti ya kiwanda cha viberiti, na ugomvi wa mkewe na miungu aliuogopa kuliko ugomvi wa mkewe na majirani.

"Vidonge vya daktari vimekwisha?"

"Havijakwisha. Akimeza inashuka, jua likisimama inapanda. Daktari kasema tungoje. Tungoje nini? Daktari anajua nilichoahidi?"

"Ungeahidi mbuzi," alisema Chelladurai. "Mbuzi ningekopa. Ndugu zako nitawakopa kwa nani?"

Alikuwa amesema kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Pechiamma alimgeuzia uso ukutani. Mwaka uliopita mtoto alipolazwa chini na homa ya matumbo mpaka macho yakabaki weupe mtupu, yeye alikimbilia kwa miungu kama mama yeyote. Mwanamke aliyeolewa, mwenye akili zake, humwita mungu wa ukoo wa mumewe. Lakini hofu haimuulizi mtu ameolewa wapi, na jina lililomtoka kinywani lilikuwa la Amman wa kwao, mungu mama wa ukoo aliozaliwa. Wala hakuahidi jogoo, wala nazi, wala nywele za mtoto. Aliahidi kwamba Ponnuthai akiinuka, atatobolewa masikio mbele ya Amman akiwa amepakatwa na wajomba zake wote wawili, waliokaa goti kwa goti.

Mtoto aliinuka, akala uji, akaanza tena kugombana na kuku. Ahadi ikabaki imekaa pale pale ilipoahidiwa.

Mtoto wa watu wale hatobolewi masikio ila kwenye paja la mjomba, kaka wa mama yake. Baba hana nafasi hiyo, babu hana, hata awe tajiri wa kijiji. Mjomba humpakata, mjomba huleta hereni, mjomba huvumilia mateke na kilio. Na Pechiamma alikuwa na ndugu wawili ambao baada ya baba yao kuzikwa waligombana, na sasa hawapeani hata maji ya kunywa. Ndiyo maana Ponnuthai alikuwa anakaribia umri wa shule na masikio yake bado mazima kama ya mvulana. Watoto wa mtaani walimwita "dume". Wanawake kisimani walimwangalia masikioni kwanza, kisha wakamwangalia mama yake.

"Keshokutwa ni sikukuu ya Uthiram ya mwezi wa Panguni," alisema Pechiamma. "Kila ukoo unarudi kwa mungu wake. Ikipita hiyo ni mpaka mwakani. Mtoto huyu hatafika mwakani, Baba Ponnu. Mguse uone."

Chelladurai alimgusa, akaondoa mkono haraka.

"Nenda," alisema. "Lakini ukifika usianze kulia. Ukilia, wake zao watafurahi."

Pechiamma alikwenda kwa jirani kuazima sari, maana ya kwake nzuri ilikuwa imechanika mahali pasipofichika. Jirani alimpa ile ya kijani, kisha akamfuata mpaka katikati ya njia, watu wakisikia.

"Usiikalie chini! Na huyo mtoto asikutapikie!"

"Sawa, dada," alijibu Pechiamma, na akatembea na mtoto kiunoni kama mtu aliyebeba yai.

*

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa na milango miwili. Zamani ulikuwa mmoja, mpana, wenye kizingiti alichokuwa akikipaka manjano kila Ijumaa pamoja na mama yake. Sasa ukuta ulipita katikati ya ua mpaka jikoni, na Isakki, mdogo wao, alikuwa amejitobolea mlango wake upande wa kaskazini ili asitazamane na kaka yake. Kila Pechiamma alipokuja kwao, shida ilikuwa ni ileile: aanze wapi? Akianza kwa mkubwa, mdogo ananuna. Akianza kwa mdogo, mkubwa anasema, "Nenda ukamalizie hukohuko." Alikuwa amebeba vifurushi viwili vya vitafunio vya unga wa mchele, amevipima kwa kiganja mpaka vikalingana.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kitambaa. Baba yao alipokuwa hai, kila sikukuu kuhani wa Amman alimfunga kilemba cha pamba chenye ukingo mwekundu, ishara kwamba mbele ya mungu yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Alipofariki, kilemba kilikuwa cha Sudalai, mwanawe wa kwanza. Lakini sikukuu ilipokaribia, mjomba wa mke wa Sudalai akafa, na aliyefiwa haingii hekaluni. Kuhani hakutaka kitambaa kikose kichwa, akamfunga Isakki. Kwa mwaka huo tu, watu walisema. Mwaka uliofuata Isakki aliinamisha kichwa kabla kaka yake hajavua viatu, akasema Amman mwenyewe amechagua. Sudalai aligeuka, akaondoka, na hajakanyaga hekalu lile tena. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi, wametenganisha nyumba kwa kitambaa kisichotosha hata kufungia mtoto mgongoni.

Alianza kwa mkubwa. Nachiar, mke wa Sudalai, alimpokea barazani na kukipima kifurushi mkononi.

"Cha kule ni hiki hiki, au kule kuna kikubwa?"

"Ni sawasawa, wifi."

"Haya. Mumeo bado anachovya vijiti?"

"Bado."

"Kazi ni kazi," alisema Nachiar, kwa ile sauti ya kumaanisha kwamba si kazi.

Sudalai alitoka ndani, kifua wazi, mabega yake yamechubuliwa na magunia ya pilipili. Alimtazama mtoto kwanza. Alikuwa na moyo huyo mtu, tatizo ni kwamba aliuficha kama pesa.

"Mbona kalegea hivi?"

"Homa, kaka. Ileile imerudi."

"Mpe kahawa," Sudalai alimwambia mkewe.

"Maziwa yamekwisha," alisema Nachiar, na jikoni nyuma yake maziwa yakamwagika motoni, yakanukia mpaka barazani.

Pechiamma alimweleza kaka yake yote, tangu ahadi hadi homa ya asubuhi. Alisema taratibu, bila kulia. Alipofika kwenye neno goti kwa goti, Sudalai alisimama.

"Mimi? Nikae na yule? Heri unikalishe na nyoka. Nyoka hajaninyang'anya kitu."

"Kaka, ni kwa dakika chache. Ni mtoto."

"Kwani nani kakwambia uahidi? Uliniuliza? Unamwahidi mungu mapaja yangu kama vile uliyanunua sokoni!"

"Nilikosea. Nimekosa. Nipige basi, lakini njoo."

"Hekalu lile siingii, Pechi. Niingie nisimame nyuma, nimwone mdogo wangu anafungwa kilemba cha baba yangu, halafu nikae naye goti kwa goti nikitabasamu? Watu watanicheka mpaka nife. Siku akikirudisha, siku hiyo nitakuja. Nitakuja hata kwa magoti."

Mtoto alikohoa, akakilaza kichwa chake begani kwa mama, na Pechiamma akausikia moto wake ukipenya blauzi. Hapo ndipo mdomo wake ulipofanya kitu ambacho akili ilikuwa haijaamua.

"Anakirudisha," alisema.

Sudalai aligeuka.

"Isakki kaniambia. Kasema amechoka na ugomvi. Kuhani akileta kitambaa, wewe ndiye utainama. Yeye atasimama pembeni."

"Kakwambia yeye?"

"Yeye mwenyewe."

Nachiar alicheka kwa pua. Lakini Sudalai alikuwa ameketi tena kwenye baraza polepole, mikono juu ya magoti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa maji baada ya kazi ya mchana kutwa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Pechiamma alikuwa hajaisikia tangu wakiwa wadogo, "Nitamletea hereni. Sikio la kulia ni langu, lakini. Mwambie hilo."

"Nitamwambia, kaka."

"Na maziwa yaliyobaki mpe mtoto," alimwambia mkewe, bila kumtazama.

*

Ili kufika mlango wa pili ilimbidi arudi barabarani na kuzunguka nyumba nzima. Njiani Pechiamma alisimama, akajiegemeza kwenye ukuta wa baba yake, akafikiria kurudi na kusema ukweli. Alifikiria kweli. Kisha Ponnuthai akasema, "Mama, kichwa," naye akaendelea kutembea.

Isakki alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anasikiliza redio yake mpya. Huyu Pechiamma alimlea kwa mikono yake. Mama yao alipokuwa shambani, ni yeye, msichana mwenyewe bado mdogo, aliyembeba Isakki kiunoni mpaka kiuno kikapinda. Alimwosha, alimlisha, alipigwa kwa makosa yake. Sasa Isakki alikuwa na tumbo na masharubu, na ndani ya kabati lake la kioo alikuwa amevipanga vilemba vyote alivyofungwa na kuhani, vimekunjwa vizuri, kama sahani za kigeni.

"Dada! Umepitia wapi? Umepitia kule kwanza, eh?"

"Njia ndiyo inaanzia kule, mdogo wangu."

"Njia, njia. Miaka yote njia inaanzia kule." Hata hivyo aliinuka kumpisha kiti. Pechiamma alikumbuka sari ya jirani, akakikubali.

Alimweleza. Isakki alizima redio, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima kubwa. Alimshika mtoto kidevuni, akamwangalia masikio.

"Mimi sina neno, dada. Ningemtoboa hata leo. Paja langu hili hapa. Lakini yule wa upande wa pili? Anazunguka kijiji kizima ananiita mwizi. Mwizi wa kilemba! Nikae na mtu anayeniita mwizi, watu waone, waseme ndiyo, kweli aliiba, sasa anaomba msamaha?"

"Hawatasema hivyo."

"Watasema. Mimi nawajua. Mpaka yeye mwenyewe asimame mbele ya Amman akubali kwamba kilemba ni changu. Hapo nitakaa naye. Nitampisha hata kivuli."

Pechiamma alijua anachokwenda kusema. Mara ya kwanza uongo ulimtoka wenyewe. Huu wa pili aliutoa kwa mkono wake.

"Kakubali."

"Nani kakubali?"

"Kaka. Nimetoka kuzungumza naye sasa hivi. Kasema yamekwisha, kilemba ni chako, siku ile ataonekana mbele za watu kukubali. Ameomba sikio la kulia tu, kwa kuwa ni mkubwa."

Isakki alimtazama. Hakuwa mjinga. Isitoshe, alikuwa amelelewa naye na alijua uso wake ulivyo anapoficha ndizi.

"Apa."

"Naapa."

"Si hivyo. Apa vizuri. Weka mkono juu ya kichwa cha mtoto."

Mkewe Isakki, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, aliacha kuchambua. Hata yeye aliona kwamba hilo limezidi. Kiapo cha kichwa cha mtoto hakiombwi ovyo, kwa sababu mwenye kuapa uongo halipi yeye. Analipa mwenye kichwa.

"Mtoto mgonjwa, Isakki," alisema Pechiamma. "Nitaapa kwa kichwa changu. Nitaapa kwa uzi wa ndoa yangu, huu hapa."

"Kama ni kweli, unaogopa nini?"

Aliogopa kila kitu. Aliogopa kuapa na aliogopa kutoapa. Asipoapa, mjomba mmoja hatakuja, ahadi itavunjika, na Amman atamchukua mtoto. Akiapa, kiapo chenyewe kitamchukua. Aliinua mkono, ukamwia mzito, akauweka juu ya nywele zilizolowa jasho. Moyoni alisema haraka haraka, kama mtu anayejaribu kuziba pakacha linalovuja: Amman, hiki kinipate mimi, si yeye, umesikia, mimi.

"Naapa kwa kichwa cha mwanangu," alisema, "kaka amekubali."

Isakki alicheka kwa furaha, akapiga paja lake.

"Mwishowe kajua! Haya. Sikio la kulia achukue. Mimi nitaleta hereni yenye jiwe jekundu, aone aibu na kahereni kake."

Alimwita mkewe alete kahawa, na kahawa ikaja kweli, tamu, na Pechiamma hakuweza kuimeza.

*

Siku ya Uthiram hekalu la Amman, ambalo mwaka mzima hulala peke yake katikati ya mashamba ya udongo mweusi, lilijaa watu wa ukoo kutoka kila upande. Vyungu vya wali mtamu vilichemka juu ya mafiga, mbuzi walilia, ngoma zilipigwa, na watoto waliokwisha kunyolewa walikimbia huku na huko na vichwa vilivyopakwa unga wa mti wa msandali. Pechiamma alikuwa amepika wali wa ukwaju tangu alfajiri. Alikuwa pia amekata majani mawili ya mgomba kutoka mgomba mmoja, akayalinganisha moja juu ya jingine, akapunguza ncha kwa kisu, ili mjomba yeyote asiseme la mwenzake ni kubwa.

Sonara mzee, Nagalingam, alikuwa ametandika kitambaa chini ya mwarobaini. Ponnuthai alilala mapajani kwa baba yake, midomo imekauka.

Sudalai alifika kwa gari lake la ng'ombe, amevaa shuka jipya jeupe. Watu walimpisha. Wazee waliomkosa miaka yote walimshika mikono, mmoja akafuta machozi. Muda kidogo Isakki naye akafika, masharubu yamepakwa mafuta. Ndugu hao walisimama mbali kidogo mmoja na mwingine, na kila mmoja akamtazama mwenzake kwa ule upole wa mtu anayejua kwamba leo ameshinda. Pechiamma aliuona upole ule kwenye nyuso zote mbili.

Alikuwa na mpango, kama ule unaweza kuitwa mpango. Alimnong'oneza sonara, "Anza na masikio, mzee. Sasa hivi, kabla ya kilemba. Mtoto ana homa."

"Kabla ya heshima ya Amman?" alisema sonara kwa sauti ya kiziwi, watu wote wakasikia. "Tangu lini? Kilemba kwanza, masikio baadaye!"

Kuhani alikuwa tayari ametoka ndani na sinia la shaba. Juu yake kulikuwa na majivu matakatifu, nusu ya nazi, na kitambaa kimekunjwa, ukingo wake mwekundu. Ngoma zikanyamaza.

Sudalai alipiga hatua mbele na kuinamisha kichwa. Isakki alipiga hatua mbele na kuinamisha kichwa.

Wakabaki hivyo, vichwa viwili vimeinama mbele ya sinia moja, kila mmoja akisubiri, na kuhani katikati na kitambaa chake. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Wa pili akamfuata. Sudalai aliinua macho kwanza.

"Wewe unainama nini?"

"Na wewe?"

"Si unanirudishia? Pechi kasema unanirudishia!"

"Mimi? Si wewe umekubali ni changu? Dada kaapa!"

"Kaapa?"

"Kwa kichwa cha mtoto!"

Kicheko kikafa. Watu waligeuka wote pamoja wakamtazama Pechiamma, aliyekuwa amesimama na sari ya jirani na mikono mitupu. Mwanamke mmoja alijishika mdomo. Chelladurai alimkumbatia mtoto kifuani, kama vile kiapo kilikuwa kitu kinachoweza kurushwa kutoka mbali.

Pechiamma hakujitetea. Alianguka chini, sari ya kuazima na vyote, akashika mguu mmoja wa Sudalai na mguu mmoja wa Isakki.

"Nimedanganya. Wote wawili nimewadanganya. Nipigeni, niueni hapa hapa, sitainua mkono. Lakini kaeni. Kwanza kaeni mtoto atobolewe. Anakufa, kaka. Isakki, anakufa."

Sudalai aliinua mkono. Isakki akaushika hewani.

"Usimpige hapa," alisema. "Si mbele ya Amman."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo ya ugomvi kumwambia ndugu yake baada ya miaka yote ile. Sudalai aliutazama mkono uliomshika, akaushusha wake taratibu.

"Alikwambia hasa nini?"

"Kwamba yamekwisha. Kwamba utakubali mbele za watu. Mimi nikafurahi kama mtoto. Nimekuja na hereni ya jiwe."

"Mimi nimenunua shuka," alisema Sudalai. "Nimenunua shuka jipya, Isakki. Nije nivishwe. Nimewaambia mpaka wachuma pilipili." Na akacheka, kicheko kibaya, kikavu, na Isakki naye akacheka vilevile. Walifanana sana wakicheka. Pechiamma, uso kwenye vumbi, alivisikia vicheko hivyo viwili juu yake na akaelewa kabla hawajasema.

"Tutakaa," Sudalai alisema. "Mungu hana kosa. Mtoto hana kosa. Lakini ukishampokea mtoto wako, Pechi, huna kwenu. Milango yote miwili. Usije kwa harusi, usije kwa msiba. Huyu akivunja ungo, usitume mtu kwetu kutafuta mjomba wa kumjengea kibanda cha majani. Umesikia?"

Pechiamma alimtazama Isakki. Mtoto wake wa kwanza, kwa kweli, kabla ya huyu. Macho ya Isakki yalikuwa mekundu. Alisema:

"Kaka amesema."

Kaka. Alikuwa hajalitamka neno hilo tangu ukuta ujengwe.

Walikaa. Walikaa chini ya mwarobaini goti kwa goti, bega kwa bega, na Chelladurai akamlaza Ponnuthai juu ya mapaja yote manne. Sonara akalowesha sindano. Mtoto, aliyekuwa amelegea asubuhi nzima, alipiga mayowe ya kuamsha wafu, akamrushia mjomba wake mkubwa teke la kifua. Sudalai alimshika kichwa kwa viganja vyake vipana, polepole kabisa. Isakki alimshika miguu na kumpulizia usoni. Sikio la kulia likapata hereni ya Sudalai, nene na ya kizamani. La kushoto likapata ya Isakki, yenye jiwe jekundu. Hazikufanana hata kidogo. Kila mmoja alikuwa amenunua ya kumshinda mwenzake.

Ilikuwa kama alivyoahidi, neno kwa neno.

Kisha ndugu hao waliinuka, wakakung'uta vumbi, wakaondoka pamoja bila kugusa chakula. Isakki alikuwa amekuja kwa miguu. Sudalai akajisogeza kumpa nafasi kwenye gari lake. Kuhani alibaki amesimama na sinia lake, akiwaita, "Na kilemba? Jamani, kilemba?" Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wamekisahau.

*

Mchana uliendelea. Watu wa ukoo walikula, wakacheka, wakampita Pechiamma kwa mbali kama watu wanaopita shimo. Sari ya jirani ilikuwa na madoa ya vumbi na manjano yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na hilo nalo lingekuja kuzungumzwa kisimani. Aliketi chini ya mwarobaini kando ya sufuria yake ya wali wa ukwaju, akiyatazama majani mawili ya mgomba yaliyolingana kila upande.

"Mama," alisema Ponnuthai.

Pechiamma hakusikia.

"Mama. Njaa."

Alimgeukia polepole, akaogopa kumgusa. Chelladurai alimgusa kwa niaba yake. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akakigeuza akaweka mgongo wa mkono, kisha akasema, "Imeshuka."

Pechiamma alitandika jani la kwanza, akaweka wali. Mtoto alitazama jani, akatazama kule gari lilikoelekea.

"Hili si la mjomba?"

"Lilikuwa la mjomba. Kula wewe."

Ponnuthai alikula. Alikula kwa vidole vyote, karanga kwanza kama kawaida yake, hereni mbili zisizofanana zikimning'inia kwenye masikio yaliyovimba. Mbali kule, kwenye njia ya mashamba, gari la ng'ombe lilikuwa bado linaonekana, na upepo ulileta sauti ya wanaume wawili wakizungumza, mmoja akimkatiza mwingine, wakiwa na mengi ya miaka mingi ya kuambiana. Pechiamma aliwasikiliza. Alijua kwamba angewekwa tena mbele ya milango ile miwili angedanganya tena, na kujua hivyo hakukumpunguzia kitu.

Alijivutia ukingo wa sari juu ya kichwa, akajipiga kifua, akaanza kulia kwa sauti, ile ya kupanda na kushuka, yenye majina ndani yake, ambayo dada huwalilia ndugu zake wanapobebwa kwenda kuchomwa. Alimtaja Sudalai aliyemkatia muwa wakiwa wadogo. Alimtaja Isakki aliyempinda kiuno. Wapiga ngoma walinyamaza wakamtazama.

Bibi mmoja mgeni, aliyekuwa akipita kwenda kwa mungu wa ukoo mwingine na hakujua habari, alisogea na kumuuliza Chelladurai kwa huruma.

"Poleni jamani. Kafa nani?"

"Hakuna," alisema Chelladurai. "Mtoto anakula."